Nataka kutoa tokeni kwa watumiaji wa apu yangu, nianzie wapi?

mjenzi_apu:
Wakuu habari zenu. Nina apu ya kujifunzia lugha, watu wanajisajili vizuri tu ila ikifika wiki ya pili wengi hawaonekani tena. Nimewaza tutengeneze tokeni yetu wenyewe, yaani sarafu ya kidijitali ya apu, mtu akifungua apu kila siku anapata 10, akileta rafiki 50, halafu baadaye tuipeleke sokoni iuzwe kama kripto nyingine. Waliowahi kufanya hivi naombeni ushauri, nitoe ngapi jumla na niepuke nini?

fundi_kodi:
Mkuu kabla ya idadi jiulize mtu akishazipata anazifanyia nini humo humo ndani ya apu, hapo ndo wengi wanafeli. Angalia ule mchezo wa mtandaoni wa Axie Infinity, tokeni yake ya SLP wachezaji walikuwa wanaichuma kwa kucheza na haina kikomo cha idadi, kazi yake kubwa ilikuwa kuzalishia Axie wapya, wale wanyama wa kwenye mchezo, sasa wachezaji wapya walivyopungua hao Axie unamuuzia nani? SLP zikawa zinaingia nyingi kuliko zinazochomwa, yaani zinazofutwa kabisa zikishatumika. Julai 2021 moja ilikaribia senti 40 za dola, mwaka mmoja baadaye haifiki hata senti 1, na watu wakaondoka maana bei ndo iliwaleta. Wewe weka vitu vya kuzitumia, mfano nusu saa na mwalimu au kufungua masomo ya juu, na zikitumika zichomwe.

mama_data:
Hiyo ya kulipa kwa kufungua apu iache kabisa. Mradi mmoja niliofanyia kazi tulianza hivyo hivyo, grafu zikapanda tukafurahi, nikaja kuchungulia logi, yaani kumbukumbu za mfumo, nikaona saa sita na dakika moja usiku akaunti zinafunguka kwa mafungu, kitufe kinabonyezwa, sekunde nne mtu katoka. Simu moja ilikuwa na akaunti 38! Tukabadilisha, unalipwa ukimaliza somo na ukirudi siku tatu baadaye kufaulu jaribio lake. Namba zilishuka sana lakini waliobaki walikuwa watu kweli.

wakili_wa_mtandao:
Suala la sokoni usilichukulie poa ndugu. Kampuni ya Kik walitoa tokeni yao ya Kin 2017, nayo wakasema ni ya kutumia ndani ya apu yao ya kuchati, wakakusanya karibu dola milioni 100. SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani, ikawashtaki 2019 kwamba wameuza dhamana, yaani kitu cha uwekezaji kama hisa, bila kuisajili, 2020 wakashindwa mahakamani wakalipa dola milioni 5. Ukiiandika tokeni yako isihamishike kutoka pochi ya kidijitali ya mtu mmoja kwenda ya mwingine unapunguza presha kubwa, na wauza akaunti nao hawana cha kuuza kirahisi.

mjenzi_apu:
Asanteni sana, ya sokoni nimeifuta. Je ya kuleta rafiki nayo niitoe?

mama_data:
Ibaki, ila usilipe akijisajili. Subiri rafiki amalize somo la tano ndo uwape wote wawili.