Nimepewa fomu ya maoni baada ya siku sita wodini. Niandike nini?

Kovu_Jipya
Habari zenu wadau. Nimetoka hospitali juzi. Kidole tumbo kilipasuka, nikafanyiwa upasuaji usiku uleule. Daktari sina neno naye. Swali langu ni la wauguzi, maana fomu ninayo hapa na kila nikishika kalamu nageuza mawazo.

Usiku wa pili mkono wenye dripu ulianza kuvimba. Ngozi ikakaza, ikang'aa, ikawa ya baridi. Nikabonyeza kengele. Akaja sista mmoja, akaangalia chupa, akasema "inashuka vizuri," akaenda zake. Nikabonyeza tena. Safari hii aliishia mlangoni: "Wa kitanda cha sita, kengele si ya kuchezea." Nikanyamaza. Mtu mzima mimi, na mshono wangu tumboni, nimeona haya kama mtoto aliyefokewa darasani!

Asubuhi zamu ilipobadilika akaja mwingine. Huyu alianza na mkono, chupa baadaye. Akafunga dripu, akachomoa kanula (kale kamrija kanakoingia mshipani), akauinua mkono juu ya mto, ndipo akauliza ulianza lini. Nikamwambia saa 6 usiku. Hakusema kitu, alishusha pumzi tu. Ni huyohuyo aliyenifundisha kukohoa: unakumbatia mto, unaubana juu ya mshono, halafu ndiyo unakohoa. Kabla ya hapo nilikuwa nameza kikohozi kwa kuogopa nitapasuka.

Sasa, yule wa kwanza nimwandike? Wodi ilijaa na usiku walikuwa wawili tu (niliwahesabu, kazi nyingine sikuwa nayo). Na hili la kuamshwa saa 10 alfajiri upimwe presha, usingizi ndiyo kwanza umekuja, lina maana gani?

SistaMstaafu
Pole sana ndugu. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi. Nianze na presha, maana ndiyo inayotuletea lawama. Aliyefunguliwa tumbo anaweza kuvuja damu ndani usione hata tone nje. Mara nyingi mapigo ya moyo hupanda kwanza, presha hushuka baadaye, na ukingoja mpaka ishuke umechelewa. Mtu mzima akiwa ametulia mapigo yake huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Jioni nikupime 78, alfajiri nikukute 118, hapo halali mtu. Na pumzi tunazihesabu pia, tukijifanya bado tumeshika mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi anaanza kuzibadilisha.

La mkono silitetei. Kanula ikitoka kwenye mshipa, maji yanaweza kuendelea kushuka kama kawaida huku yanajaa chini ya ngozi. Chupa haitakwambia. Na kuna dawa zikimwagika hivyo zinaunguza nyama. Kuzidiwa na kazi nakujua, nimeshazunguka wodi nzima peke yangu, lakini kugusa mkono ni sekunde tano. Andika saa, ulichosema na ulichojibiwa. Usiandike kwamba ana roho mbaya, hilo hulijui.

Nyonga_ya_Chuma
Mimi nilivunjika nyonga, nikalala wiki tatu. Maumivu nimeshayasahau. Kilichobaki ni lile beseni la kujisaidia kitandani. Kuna waliovuta pazia mpaka mwisho, na kuna walioacha upenyo wa kiganja. Upenyo ule jamani! Watu wanapita, nawe unatazama dari.

Walikuwa wananigeuza kila baada ya saa mbili nisipate vidonda vya mgongo. Mmoja alikuwa akisema kabla ya kunigusa, "Mama, sasa tunaelekea kushoto." Wengine walinigeuza huku wakisimuliana ya kwao. Hadithi zenyewe zilikuwa tamu, sikatai, kuna moja ya shemeji sijui iliishaje. Ila hakuna aliyeniangalia usoni.

Nilipopewa fomu nilimwaga hasira yote, na yule wa "Mama, kushoto" sikumtaja popote. Linanikera mpaka leo.

Mpita_Njia
Achana nayo kaka. Mkono si umepona? Utamharibia mtu kazi bure.

Kovu_Jipya
@Mpita_Njia umepona, ndiyo. Lakini kitanda cha sita hakikukaa kitupu, nilimwona mzee anaingizwa nikiwa bado nafunga begi. Alikuwa hata kuongea hawezi, sembuse kubonyeza kengele.

Nimeijaza. Mkono wa kushoto, kengele mara mbili kati ya saa 6 na saa 7 usiku, dripu ikafungwa asubuhi. Nimeongeza kwamba walikuwa wawili kwa wodi nzima, maana nalo ni kweli. Upande wa pili wa karatasi wote nimempa yule mwingine, habari ya mto na kikohozi imo. Tatizo jina lake silijui, beji yake ilikuwa imegeuka nyuma siku zote. Nimeandika "yule anayeangalia mkono kabla ya chupa." Sista, watamjua kweli?

SistaMstaafu
Watamjua. Ongeza na tarehe tu, orodha ya zamu ipo.