Bastola ndogo inapeleka risasi chini kushoto: kosa ni la vilengeo au la mkono?

Mlinzi_Ntinda
Habari zenu, maafande. Bastola ni Glock 43 ya milimita 9, ina leseni, magazini inabeba risasi 6. Natumia mkono wa kulia. Mita 7 kutoka kwenye shabaha, risasi nyingi zinaangukia chini kushoto, kama sentimita 12 kutoka katikati, na zimetapakaa, hazikai kundi moja. SMG (AK-47) naipiga vizuri hata mita 100. Tena katika risasi 30, mara mbili ganda la risasi limebanwa na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) likiwa limesimama wima, bastola ikakwama. Fundi anataka kusogeza kilengeo cha nyuma kulia. Nimkubalie?

Kocha_Mbarara
Hapana, ssebo. Kilengeo kikiwa kimehama, risasi zote huhama pamoja na kundi hubaki dogo. Zako zimetapakaa, kwa hiyo ni mkono. Ukitaka hakika, mpe mpigaji mzuri apige 5 polepole, mikono ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Zake zikikaa katikati, fundi hana kazi hapo.

Fanya hesabu. SMG ina zaidi ya kilo 3 na inaegemea bega. Bastola yako ikiwa na magazini tupu ni nusu kilo hivi, lakini triga inataka nguvu ya kilo 2 na nusu. Yaani unavuta kwa nguvu mara tano ya uzito wa kitu chenyewe. Kidole cha triga kikivuta na vile vingine vikakaza pamoja nacho, mdomo wa bastola unainama na kuelekea kushoto. Halafu kati ya vilengeo vyako viwili kuna milimita 132 tu. Ukikosea milimita 1 hapo, mita 7 mbele umekosa sentimita 5 na kidogo. Glock 17 ina milimita 165, kosa hilo hilo linakuwa sentimita 4 na kidogo. Sentimita 12 zako ni mdomo kuinama milimita 2 na kidogo tu.

Ushikaji: sukuma kiganja cha kulia juu kabisa, nyama iliyo kati ya gumba na shahada ibanwe chini ya mkia wa fremu (mwili wa bastola wenye mpini). Ukishika chini, bastola inapata nafasi ya kuruka. Upande wa kushoto wa mpini utaona pamebaki sehemu tupu. Ijaze kwa kitako cha kiganja cha kushoto, na shahada ya kushoto ikandamize chini ya kikingio cha triga. Gumba zote zielekee mbele bila kukandamiza. Kidole kidogo cha kulia kikikosa mahali, kikunje chini ya magazini, usikiache kinaning'inia.

Mkono wa kushoto ndio ukaze zaidi. Ule wa kulia ukikaza kupita kiasi, kidole cha triga nacho kinakuwa mti. Wengine hufundisha asilimia 60 kwa 40, ila sijaona mizani ya kupimia hiyo.

Kukwama kwako huenda kunatoka hapo hapo. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, ganda linabanwa. Kaza vifundo. Ikiendelea mikononi mwa mtu mwingine pia, sasa angalia uchafu, springi na risasi zenyewe.

Bi_Shabaha_Jinja
Afande amemaliza ushikaji, mimi naongeza mazoezi makavu, maana hayali risasi.

Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa jicho na uiguse kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Elekea ukuta wa matofali, si ule wa mbao unaopakana na jirani. Simama mdomo ukiwa sentimita 3 kutoka ukutani, ukuta uwe mtupu bila alama, tazama kilengeo cha mbele tu na uvute triga polepole hadi ilie. Kilengeo kikitikisika wakati wa mlio, hicho ndicho kinachopeleka risasi zako kushoto. Jaribu kusogeza kidole: ncha kabisa, katikati ya nyama, karibu na kifundo. Mikono mikubwa kwenye bastola ndogo mara nyingi huingiza kidole kupita kiasi. Bakia pale ambapo kilengeo kinatulia.

Ukishatulia, weka sarafu ya mia juu ya slaidi nyuma ya kilengeo cha mbele. Mara 10 mfululizo bila kuanguka, ndipo uhesabu. Dakika 10 kwa siku zinatosha; ukichoka unafundisha mkono makosa.

Ukimaliza, sema kwa sauti “nimemaliza” na ufungie bastola. Hatari kubwa ni yule anayerudisha risasi halafu anakumbuka “moja ya mwisho”.

Kilengeo cha mbele kisipoonekana vizuri, kifute kwa spiriti, paka rangi ya kucha nyeupe, ikikauka juu yake rangi ya chungwa.

Mlinzi_Ntinda
Webale nnyo. Mwenzangu ana rivolva fupi ya risasi 5. Afuate hayo hayo?

Mstaafu_Gulu
Gumba ASIZIELEKEZE mbele! Kwenye rivolva, gesi ya moto inachomoka katika mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, na inakata nyama. Gumba la kushoto likunjwe juu ya la kulia, vyote vikae nyuma ya silinda. Triga yake bila kukoki nyundo mara nyingi hupita kilo 5, kwa hiyo kidole kiingie hadi karibu na kifundo na avute kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati.

Kocha_Mbarara
Kweli kabisa, Mzee. Na wewe wa Ntinda, siku ya uwanja chukua risasi 50 na za bandia 6. Miwani na kinga ya masikio usisahau, bastola fupi ina kelele mbaya. Anza mita 3, risasi 10, moja moja, zikae ndani ya sentimita 8. Kisha mwenzako akupakilie magazini akichanganya za bandia bila wewe kujua, hadi za kweli 20 ziishe. Ukifika kwenye ya bandia na mdomo ukainama, umeshika mwizi. Piga kavu mara 5 kabla ya kuendelea. Zinazobaki 20 ni za mita 5, kwenye nusu ya karatasi ya A4. Mita 7 iache mpaka 5 mfululizo zikae humo. Kila baada ya mlio, usiachie triga yote. Iachie mpaka usikie “tik” yake, kisha anza kuvuta tena.

Na slaidi isipobaki wazi risasi ya mwisho ikiisha, usilaumu magazini kabla hujaangalia gumba lako. Kwenye bastola ndogo gumba hulalia kitufe cha kuzuia slaidi bila mwenyewe kuhisi.