Chumvi ya mezani imeondolewa, presha bado 150/95. Tatizo liko wapi?

Mwana wa Korogwe
Wakuu, habarini. Mama ana miaka 58, presha inacheza kwenye 150/95. Dawa anameza kila asubuhi na kidau cha chumvi hakifiki mezani tena, lakini namba hazishuki. Chakula chake: maharage ya magadi, dagaa, mchicha wa nazi, ugali wa sembe. Tuanzie wapi?

Muuguzi wa Zamu
Anzieni jikoni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Kidonge cha mraba cha kuungia mchuzi, cha gramu 4, karibu nusu yake huwa chumvi. Mpishi anatia viwili, kisha anaongeza chumvi juu yake.

Halafu magadi. Ulimi hausikii chumvi, lakini yamejaa sodiamu, nayo ndiyo inayoshikilia maji mwilini na kupandisha presha. Yaacheni. Lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji, chemsheni kwa maji mapya. Chumvi kidogo itiwe yakishaiva. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu zitafidia ladha.

Jiko la Pwani
Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana neno. Ng'onda na papa wa chumvi ni kesi nyingine, hata ukiwaloweka. Kwenye lebo, zidisha sodiamu kwa 2.5: miligramu 400 ni gramu 1 ya chumvi.

Nazi haipandishi presha moja kwa moja, ila tui zito huongeza lehemu mbaya. Tumieni tui la pili, siku nyingine mchicha uungwe kwa kijiko cha alizeti. Sembe mbadilishe kwa dona, na mboga ijaze nusu ya sahani.

Mwana wa Korogwe
Asanteni sana. Na ile chumvi ya potasiamu ya dukani, inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida?

Muuguzi wa Zamu
Msiinunue kabla hajapimwa figo, hasa akiwa anatumia dawa za presha kama losartan, enalapril au spironolactone. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika.

Daktari Kijiweni
Mmehakikisha namba zenyewe? Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Mama akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Kahawa aache nusu saa kabla. Pimeni mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, siku 7. Za siku ya kwanza ziacheni, tafuteni wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135/85 kwenda juu ni presha.

Muulizeni pia kuhusu dawa za maumivu. Diclofenac na ibuprofen hupandisha presha na kudhoofisha baadhi ya dawa zake, na wengi hawazitaji kliniki kwa sababu ni "za mgongo tu". Daftari la vipimo lipelekwe kliniki, dozi huenda ikahitaji kubadilishwa, msiiguse wenyewe. Ikifika 180/120 na kifua kinabana au mkono umelegea, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.