Tupeane uzoefu: mlofufua pikipiki za kale nyumbani, hapa Mombasa

WA TUDOR (mwenye uzi)

Wadau salaam. Kila mara naona pikipiki kuukuu zinapakiwa mkokoteni kupelekwa kwa watu wa skrapu, Honda C70, Yamaha za zamani, Vespa, na zingine ukiangalia injini ni nzima kabisa, roho yaniuma kweli. Kwa hivyo wale mlofufua moja nyumbani, iwe uani, iwe bandani, iwe chini ya ngazi, tuambieni mlifanyaje na sehemu mlizitoa wapi. Si yale fundi alokufanyia, la, yale ulofanya kwa mkono wako.

Naanza mimi. C70 ya ami yangu, alikuwa akienda nayo kazini bandarini Kilindini, alipostaafu ikawekwa nyuma ya nyumba ikafunikwa turubai, na hilo turubai ndo lilozidi kuimaliza maana huku kwetu turubai linashika unyevu wa chumvi ndani halitoi. Kiki haishuki hata kidogo, injini imeshika. Kila alopita akasema gonga, kanyaga kwa nguvu, simama juu yake. Jamani msikanyage, meno ya kiki yakikatika hapo ndo mtafungua injini yote. Nilitoa plagi, nikachanganya mafuta ya giya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nikamimina ndani ya tundu la plagi, nikaacha yanywe siku kadhaa huku naongeza. Halafu nikafungua kifuniko cha magneto (ile inayozalisha umeme wa cheche) nikatia spana ya boksi kwenye nati nikawa nasukuma taratiibu, mbele kidogo nyuma kidogo, mbele kidogo nyuma kidogo. Mara ikaachia. Sauti yake wallahi, kama mlango wa zamani unaofunguka, ami mwenyewe alitoka ndani akaja kuangalia.

Baada ya hapo ni kazi ya subira tu. Pointi, vile vibati vinavyokata umeme wa cheche, nikazisugua kwa msasa laini nikaweka nafasi ya milimita 0.35 (kitabu chasema 0.3 hadi 0.4), nafasi ya valvu milimita 0.05 injini ikiwa baridi na alama ya T (pistoni iko juu kabisa) imekaa sawa, kabureta nikaipuliza kwa kompresa, vile vitundu vidogo usitie waya kamwe vitapanuka na itakula mafuta vibaya. Na hizi Honda sehemu zipo, usikate tamaa. Ukoo wa Super Cub, ndo ukoo wa hii C70, ulianza 1958 na ilipofika 2017 Honda washatengeneza zaidi ya milioni 100, kwa hivyo popote duniani kuna mtu anauza.

Haya, nyie je?

WA LIKONI

Mimi niko karibu na bahari kabisa kwa hivyo nitaongea kutu, mengine nawaachia. Yangu ni Yamaha DT, tangi ndani ilikuwa unga mwekundu mtupu, ukitikisa yalia. Watu hutia siki na kokoto, inasaidia kwa kutu nyepesi, lakini hii ilikuwa imezidi. Nikatumia umeme na magadi, haya haya magadi ya sokoni. Unajaza maji tangi, magadi kijiko kimoja kwa kila lita, unachukua chaja ya betri ya volti 12, waya wa hasi unafunga kwenye tangi, wa chanya unafunga kwenye kipande cha nondo unachokining'iniza ndani ya mdomo wa tangi. Nondo ISIGUSE tangi popote. Yangu nilipachika kwenye kipande cha kumbi la nazi nilichokichonga kikakaa mdomoni, nikaacha upenyo pembeni gesi itoke. Ukiwasha chaja tu waona vipovu, asubuhi yake povu jeusi la kahawia limepanda juu na ile nondo imeliwa imekuwa nyembamba, na kutu ya tangi imelegea.

Mambo mawili naomba myashike. Ile gesi ni haidrojeni, yalipuka, kwa hivyo fanya nje, hakuna sigara, hakuna jiko, na uzime chaja kabla ya kugusa waya. Na usitumie chuma cha stenlesi badala ya nondo, kinatoa sumu ya kromu ndani ya maji. Ukimaliza suuza, kausha juani papo hapo, tia petroli yenye oili kidogo uizungushe ndani. Ukilala bila kufanya hivyo, hewa ya Likoni asubuhi ishaanza upya.

WA BOMBOLULU

Kaka wa Likoni umenisaidia sana. Na rangi je? Mimi nataka niipulize yote upya iwe inang'aa kama ya dukani.

WA TUDOR

Rangi ndugu yangu ngoja kaskazi. Januari na Februari hewa ni kavu. Ukipuliza wakati wa kusi na mvua za Mei, thina ikikauka inavuta unyevu na rangi inatoka na ukungu mweupe. Lakini kama rangi ya asili bado ipo hata nusu, mimi nakusihi usiipulize. Osha, piga polishi, tia nta. Rangi ya kiwandani ukiikwangua huirudishi tena, na zile alama za pale mzee alipokuwa akiweka goti miaka yote ndo pikipiki yenyewe hiyo.

WA BOMBOLULU

Sikubaliani sana lakini nimekusikia. Chuma kilicho wazi Mombasa ni chakula cha kutu, palipo wazi lazima nipulize.

WA TUDOR

Palipo wazi sawa, hapo tuko pamoja.

MZEE WA KIBOKONI

Assalaam aleykum vijana. Mimi ni mtu wa Vespa, hapa Mji wa Kale vichochoro vyenyewe vyataka Vespa. Nawapa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Pikipiki ina fremu ya paipu, Vespa haina, bati lenyewe ndo fremu. Kwa hivyo ile sakafu pale unapoweka miguu ikioza si urembo ulioharibika, ni uti wa mgongo. Inua mpira, gonga kwa mpini wa bisibisi kila mahali, bati zima linalia, bati bovu linajibu "dup". Yangu ilikuwa imeoza kutoka breki ya mguu hadi nyuma. Kabla ya kukata nilichomelea vyuma viwili kutoka shingoni hadi chini ya kiti ili mwili usijipinde, ndipo nikakata sakafu na kuweka mpya. Tangi nilishalitoa likawa nyumba ya jirani kabisa, usichomelee na tangi karibu hata kama ni tupu, mvuke ndo unaoua.

Na injini za tuu-stroki, zile za kuchanganya oili na petroli, zikikaa miaka zile sili za krenki (mipira ya kuziba hewa kwenye shafti ya injini) zinakakamaa. Itawaka, utafurahi, utaondoka nayo mpaka Makupa, kisha waachia mafuta na injini yapanda mbio yenyewe. Hiyo yavuta hewa ya wizi, mchanganyiko umekuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, endelea nayo na pistoni itashika. Badilisha sili kwanza, ni rahisi kuliko silinda. Na oili ujue yako yataka ngapi, yangu ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, za zamani zaidi zataka asilimia 5.

WA LIKONI

Waaleykum salaam mzee wetu, shikamoo. Hilo la sili naenda kuliangalia leo leo, DT yangu yafanya hivyo hivyo.

BINTI WA CHANGAMWE

Na mimi niseme, maana naona wanaume watupu. Yangu ni Honda CG125 ya babangu, Mungu amrehemu. Nawaambia anayetaka kuanza aanze na hii. Ilitoka 1976, injini yake haina cheni ya kemu (ile shafti ya kufungulia valvu), ina fimbo za kusukuma valvu, ilitengenezwa kwa nchi ambazo matunzo ni shida. Na hizi bodaboda nyingi za Kichina tunazopanda injini zake zimenakiliwa kutoka hiyo hiyo, tangu serikali ipunguze ushuru wa pikipiki ndogo 2008 zimejaa mji mzima, kwa hivyo gasketi, klachi, hadi pistoni waingia duka lolote la spea za boda. Ila usinunue kwa jina. Beba ile ya zamani mkononi upime, silinda ya CG ni milimita 56.5, utapewa ya 62 ya injini za 150 na uambiwe ni moja.

Jengine, skrubu za Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida inaruka na kuzitafuna kichwa, tafuta ya kipimo cha Kijapani, JIS, au ile ya kugonga kwa nyundo. Zangu za kifuniko cha klachi zilitoka zote salama kwa sababu hiyo tu.

WA MIKINDANI

Logbuku je? Nimepata moja nzuri lakini mwenyewe alishafariki.

BINTI WA CHANGAMWE

Usilipe kabla warithi hawajapata karatasi za mirathi. Bila hizo hawawezi kukuhamishia jina. Kama ni Waislamu wanaweza kupitia Mahakama ya Kadhi, wengine mahakama za kawaida. Sisi wenyewe tulipitia huko kwa ya baba. Na nenda ukalinganishe namba ya chesisi na ya injini na kilichoandikwa, kwa macho yako, sugua kutu mpaka usome.

WA MIKINDANI

Ahsante dada. Niliona shingo imepakwa rangi juu ya namba, kesho naenda na msasa.

MZEE WA KIBOKONI

Kijana wa Tudor, nina magneto ya C70 kamili iko stoo, ya volti 6. Siuzi. Kama kuna anayefufua kweli aje aichukue, lakini nitataka kuisikia ikiwaka.

WA BOMBOLULU

Mzee mimi hapa. Nakuja baada ya alasiri inshallah.