Malisho ya kijiji: hati ya kila kaya, hati ya kundi, au tubaki na mpango wa matumizi?

Mfugaji wa Simanjiro: Wakubwa shikamooni. Kijiji chetu kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu, lakini malisho yameanza kumegwa. Mwaka huu nimehesabu mashamba manne ya mahindi katikati ya njia ya mifugo iendayo lamboni. Vijana wanataka kila kaya ipewe hati ya hakimiliki ya kimila, wazee wanataka hati moja ya kundi kwa malisho yote, na mwenyekiti anasema mpango uliopo unatosha. Naomba ushauri kabla ya mkutano.

Afisa Ardhi Mstaafu: Marahaba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaruhusu hati ya kimila itolewe kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kundi, kwa hiyo pande zote mbili zina haki ya kuomba. Mpango peke yake husema eneo ni la kazi gani, bila kumtaja mwenyewe. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walichukua hati ya kundi mwaka 2011, kwani watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali wasingeweza kugawana pori kwa ekari. Nisikufiche, hata hivyo: hakuna hati kati ya hizo inayoondoa mamlaka ya Rais, chini ya kifungu cha 4, ya kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) au ya hifadhi.

Mama Kajiado: Huku Kenya tulikuwa na ranchi za kundi, yaani malisho yanayomilikiwa kwa pamoja, chini ya sheria ya 1968, kisha wengi wetu tukazigawa. Kipande chetu hakikuwa na maji, na ng'ombe waliozoea njia ya kisimani walikuwa wakisimama mbele ya waya wa jirani wakilia hadi jioni. Shemeji yangu aliuza chake, na leo analipia majani kwenye ardhi ile ile. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa waridhie kabla ardhi ya jamii haijauzwa, ila sisi ilitukuta tumeshagawana.

Binti wa Kiteto: Mama, pole, lakini hati ya kundi nayo ina wenyewe. Dada yangu alipofiwa na mumewe, daftari la kundi lao lilikuwa na majina ya wanaume watupu, akaambiwa asubiri mwanawe akue. Kwa boma na shamba mimi ningechukua hati yenye majina ya mke na mume. Kwa malisho, ya kundi, mradi wanawake waandikwe kwa majina yao.

Afisa Ardhi Mstaafu: Naunga mkono mgawanyo huo. Mwangalie na majirani pia, kwa kuwa kiangazi ng'ombe hawaishii mpakani. Huko huko Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa mpango wa pamoja unaoitwa OLENGAPO.

Mfugaji wa Simanjiro: Ahsanteni sana. Nimelifungua daftari letu la wafugaji: majina 112, wanawake 3. Nitaomba ajenda ya daftari itangulie ile ya hati. Na wenye yale mashamba manne, tuwaondoe kwanza?

Afisa Ardhi Mstaafu: Waacheni wavune, kisha wasikilizwe na baraza la ardhi la kijiji kabla ya kupima. Mkipima mgogoro ukiwa hai, mawe ya mipaka yatang'olewa usiku.