Tupeane uzoefu: bosi wako anafungua mfumo mwenyewe au anasubiri kuchapishiwa?

Wakuu, habari za majukumu. Sisi watumishi wa umma Tanzania, tangu OPRAS ya 2004 (ule upimaji wa utendaji wa fomu za karatasi) ipumzishwe tukaingia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kwa kompyuta, na masjala nyingi kuhamia e-Office, yaani majalada na madokezo ya kielektroniki, semina tumekaa za kutosha. Hapa naomba ya ofisini kwenyewe. Sibishani kama mfumo ni mzuri au mbaya. Nimeona ofisi mbili, mfumo uleule, mtandao uleule: moja kazi inatembea, nyingine imelala. Mkuu wako anafanya nini na huo mfumo? Taasisi na majina tusitaje, tusitiane mchanga kwenye vitumbua.

Naanza. Kwetu alihamia mkurugenzi asiyepokea dokezo la karatasi. Ukimpelekea anakuuliza, "Liko kwenye mfumo?" Hujajibu, ameshakurudishia. Tulinung'unika sana mwanzoni. Kilichotunyamazisha ni kwamba na yeye anajibu: unapandisha dokezo asubuhi, yuko safarini, jioni limeshuka na maelekezo. Zamani mkubwa akisafiri faili zinalala mezani, na kaimu hagusi kalamu.

Karani wa masjala
Faili likipotea, mwizi alikuwa masjala. Mtu analo kwenye droo na anakuapia hajaliona! Sasa mfumo unaonyesha liko kwa nani na limekaa hapo tangu lini. Kuna mkubwa alinijia juu kwa nini barua fulani haijajibiwa. Nikamgeuzia skrini: iko kwake. Akaondoka bila neno. Ila msisahau wale ambao nywila yao anayo katibu muhtasi. Kumbukumbu inasema bosi ameidhinisha, na bosi hata rangi ya ukurasa wa mfumo haijui.

Afisa maendeleo ya jamii, halmashauri
Kwetu PEPMIS ni ya dakika za mwisho. Majukumu tunarushiana kwenye kundi la WhatsApp, unabadilisha jina la kata, unapakia. Msimamizi anaidhinisha yote kwa mpigo, hafungui hata kiambatisho kimoja. Anayeshinda vijijini kwenye vikundi vya kinamama na anayeshinda kwenye benchi la chai tunalingana alama. Halafu tunaambiwa tupime utendaji. Utendaji wa kunakili, labda.

Afisa TEHAMA
Kila kitu kinaitwa "mtandao". Naitwa mbio mfumo umegoma, nafika mtu amesahau nywila. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ilitaka taasisi ya umma iwe na kamati ya kusimamia TEHAMA. Mahali nilipokuwa awali ilikutana ukaguzi ukinukia. Hapa nilipo mkuu wa taasisi anaiongoza mwenyewe, na aliongeza jambo dogo tu: kikao cha Jumatatu hakuna taarifa ya karatasi. Projekta inawashwa, mfumo unafunguliwa ukutani, na majukumu ya kwanza kuonyeshwa ni yake yeye. Aliwahi kukutwa na mawili yamelala, akayasemea mbele yetu kama mtumishi mwingine yeyote. Baada ya hapo hakuna mkuu wa idara aliyekuja hajajaza. Na alipoona watu wanapokezana kompyuta moja, ombi la vifaa lililokaa kwangu muda mrefu likapita.

Afisa ugani
Sisi wa shambani mtandao tunaukuta barabarani. Msimamizi wetu alikubali tujaze kwa simu tukirudi, na badala ya ripoti ndefu anataka picha ya shamba na namba ya mkulima. Anapiga kweli. Inatosha.

Mleta mada
Karani, hilo la nywila limenigusa. Walio chini ya bosi wa namna hiyo mnajilindaje? Siku kikipita kibali chenye matatizo atasema hakukiona.

Katibu muhtasi
Ndiyo mimi huyo mnayemsema. Kukataa sikuweza, tusidanganyane. Nilimwambia, "Mzee, kabla sijapitisha chochote naomba uniandikie ujumbe." Anaandika "pitisha la manunuzi", napitisha, ujumbe nautunza. Siku hizi ameanza kuuliza mwenyewe, "Hilo la manunuzi linahusu nini?"