Kikundi cha Majirani Njiro: Hiace ya kulala, Arusha hadi Iringa

Elia: Shikamooni wazee, habari za jioni wote. Mimi na Joel tunaondoka Jumamosi na ile Hiace yenye kitanda. Kondoa, Dodoma, Iringa, tunarudi kwa Mikumi, Chalinze na Moshi. Tukague nini kwanza?

Baba Neema: Marahaba mwanangu. Anza na uzito. Mbao za kitanda na makabati, betri ya pili (AGM, ile isiyoongezwa maji, ya saa-ampea 100, yaani Ah 100, ina karibu kilo 30), maji lita 60 ni kilo 60, mtungi wa gesi, halafu nyie wawili na mabegi. Jaza kila kitu kama siku ya safari, upeleke kwenye mzani wa magari, ghala la nafaka au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Elia: Tairi ni mpya, baba.

Baba Neema: Mpya za aina gani? Soma ubavuni. Hiace inataka 195/80R15 yenye namba ya mzigo 107/105, yaani tairi moja inabeba kilo 975. Mafundi wengine wanafunga za gari dogo kwa sababu zinaingia kwenye rimu. Zikipata mzigo na jua la Mtera, ubavu unapasuka. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo ujazwe asubuhi kabla gari halijatembea, kipimo kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Na spea msiisahau!

Dada Zuhura: Umeme mmefungaje?

Elia: Waya kutoka betri kubwa hadi ya nyuma, na sola ya wati 150. Friji ni ndogo ya volti 12.

Dada Zuhura: Friji hiyo itakula Ah 30 hadi 40 kwa siku, joto likizidi itapita hapo. AGM usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 tu za kutumia. Sola ya 150 kwa jua la Dodoma itarudisha kama Ah 40, gari likiwa halipo kivulini. Waya uwe milimita za mraba 16. Ukiwa mwembamba volti zinapotea njiani na betri ya nyuma haijai hata mkiendesha siku nzima. Fyuzi mbili, moja kwenye kila betri, karibu kabisa na kichwa chake. Watu wanaweka moja katikati, waya ukichunika mwanzoni gari linaungua fyuzi ikiwa bado nzima.

Dada Zuhura: Friji liwashwe kwa umeme wa nyumbani usiku wa kuamkia safari, likiwa limejaa vitu vilivyokwisha kupoa. Zabibu za moto mlizonunua barabarani Dodoma msizirundike humo mchana, zitaimaliza betri.

Mama Glory: Gesi je? Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mkanda, valvu imefungwa gari likitembea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, toboeni tundu chini ya kabati. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Yakitoka mapovu, hakuna kuwasha.

Elia: Sawa mama. Arusha hadi Dodoma siku moja?

Mama Glory: Ni kilomita 430 hivi, inawezekana, ila mtapita Kolo bila kushuka na hiyo ni hasara kubwa. Michoro ya miambani ya Kondoa ipo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Simameni ofisi ya Kolo pale barabarani, mlipe na mpewe mwongozaji. Kipande cha mwisho cha njia ya kufika kwenye michoro ni kibovu, msilazimishe gari lenye mzigo. Laleni Kondoa.

Baba Neema: Ukitoka Dodoma, baada ya Mtera na Izazi kuna mlima Nyang'oro. Mtera ni mita 700 hivi juu ya bahari, Iringa inapita 1,500. Injini ya Hiace iko chini ya viti, joto linapanda haraka. Zima AC, shuka gia mapema injini izunguke na pampu isukume maji. Sindano ikigusa nyekundu, simama. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto.

Mama Glory: Pale ukuta wa bwawa la Mtera msipige picha. Na mjini msizunguke na Hiace. Iacheni kwenye ua wa loji yenye mlinzi, chukueni bajaji. Dodoma: Nyerere Square, soko la Majengo, msikiti wa Gaddafi. Iringa mtembee kwa miguu: soko kuu na makumbusho ya Boma ni karibu. Isimila, eneo la zana za mawe za kale, iko kilomita 20 hivi njia ya Mbeya, nendeni asubuhi, zile nguzo za udongo zinapendeza jua likiwa pembeni. Kalenga msiiache, fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 liko pale.

Baba Neema: Sasa mteremko wa Kitonga, mnapotoka Iringa kuja Mikumi. Hapo ndipo uzito unadai. Gia otomatiki: zima O/D (gia ya juu kabisa), shuka hadi 2 kabla ya kona ya kwanza. Kanyaga kwa nguvu, achia, breki zipoe. Usiweke mguu juu muda wote. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, yakizeeka yanachemka na pedeli inazama hadi chini. Mara ya mwisho yalibadilishwa lini?

Elia: Sijui, tulilinunua hivyo.

Baba Neema: Basi yabadilishwe kabla hamjatoka.

Mama Glory: Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi karibu kilomita 50. Fuateni vibao vya mwendo, msishuke kupiga picha. Ukimgonga mnyama unalipa kwa aina yake. Mchana tu, usiku hapana.

Elia: Asanteni sana. Kesho mzani, mchana fundi wa breki.

Baba Neema: Mwambie aanze kutoa hewa kwenye breki ya gurudumu la nyuma kushoto, ndilo la mbali na pampu ya breki. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kopo la mafuta ya breki lisikauke juu, likikauka anaanza upya. Mafuta yawe DOT 3 au 4, kama kifuniko cha kopo kilivyoandikwa. Nitapita kuangalia kabla hajafunga tairi.